Kadi Ndefu, Kasha Fupi

Sanduku la kwanza kuwekwa mezani lilikuwa langu, na nililiweka katikati kabisa, mahali ambapo kwa kawaida hukaa birika la chai. Ndani yake kulikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na haikuwa prosesa ya kubahatisha. Nilimwambia muuzaji anipe iliyo kubwa kuliko zote dukani, naye akapanda ngazi kuishusha.

"Babu," mjukuu wangu alisema, akilishika sanduku kwa mikono miwili. "Hii?"

"Hiyo."

"Asante sana, Babu."

Akalitazama kwa muda, kisha akaliweka chini taratibu, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wageni. Nilidhani ni furaha iliyomzidi.

Jumapili ile tulikuwa tumekutana kwa ajili yake. Ni mtoto wa binti yangu. Wazazi wake wanafanya kazi mji mwingine, naye anaishi kwetu kwa sababu chuo chake kiko hapa. Mchana anasoma uhasibu. Jioni anaendesha magari ya mbio ndani ya kompyuta, na kwa kazi hiyo amejulikana kuliko mimi nilivyojulikana katika maisha yangu yote ya kutengeneza lifti. Wenzake wanamwita Breki, kwa sababu anachelewa kuzikanyaga mpaka wapinzani wanafumba macho.

Timu moja ya mashindano ilikuwa imemwahidi nafasi. Shida ni kwamba alizoea kuchezea kwenye ukumbi wa gemu wa mtaa wa pili, na ukumbi ule umefungwa. Sasa panauzwa vigae. Nahodha wa timu akamwambia wazi: nafasi yako ipo mpaka Jumamosi ijayo. Siku hiyo utakimbia nasi mazoezi ukiwa nyumbani, kwenye mashine yako mwenyewe, na picha isikwame. Ikikwama, nafasi anapewa mwingine.

Kioo cha kompyuta na usukani wa kuchezea alikuwa amenunuliwa na wazazi wake. Ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta, na diski alijinunulia mwenyewe kwa kufundisha hesabu watoto wa majirani. Vilivyobaki tuligawana sisi. Alituambia mapema, kwa upole wake, anachohitaji: prosesa ya kati, bodi mama ya kati, kadi ya picha ya kati, na kasha lolote lenye nafasi na hewa. Nadhani maneno hayo, ya kati, ndiyo yaliyotuponza. Kila mmoja alikwenda nyumbani kwake akajiuliza ni nani atakayeonekana mbele ya watu amempa mtoto kitu cha kati.

Mwanangu wa kiume, mjomba wake, ni dalali wa magari. Yeye alileta kadi ya picha. Sanduku lake lilikuwa refu kama droo ya kabati, na ilibidi tusogeze vikombe.

"Gari ni injini," alisema, akilipigapiga kwa kiganja. "Mengine yote ni rangi."

Alisema hivyo huku akimtazama shangazi wa mtoto, dada wa baba yake, ambaye ana saluni yake ya nywele na hapendi kuchokozwa. Shangazi alikuwa ameleta kasha. Ni yeye peke yake aliyefungua zawadi pale pale, akakata karatasi na kuchomoa maboya ya kuzuia mikwaruzo, ili tuone. Lilikuwa kasha dogo zuri, la vioo mbele na ubavuni, lenye taa ndani zinazobadilika rangi kama pete za vito.

"Na hiyo injini yako, shemeji," alisema, "ulitaka aibebe kwenye mfuko wa sokoni?"

Mke wangu alikuja wa mwisho, akifuta mikono. Alileta bodi mama, ule ubao ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake.

"Niliposikia kuna kitu kinaitwa mama na wengine wote wanamtegemea," alisema, "nikajua hicho ni changu."

Tulicheka. Hakuna aliyeleta pawa saplai, sanduku la kupokea umeme wa ukutani na kuwagawia wengine. Lile huwekwa pembeni likafichwa, na hakuna anayepiga picha nalo. Mjukuu wangu alikuwa na moja ndogo kuukuu aliyopewa na rafiki yake, akasema itatosha.

Alimshukuru kila mtu, mmoja mmoja, kwa adabu aliyolelewa nayo. Wageni wakaondoka wakiwa wameridhika sana na nafsi zao.

Jumatatu alirudi kutoka chuoni akaingia kwenye vitabu. Jumanne vivyo hivyo. Masanduku yalihamia kwenye kona ya chumba chake, akayafunika shuka. Jumatano nikamkuta sebuleni anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Bi mdogo," nilimwambia, "hilo gari linaundwa lini? Au unasubiri mafundi kutoka nje?"

"Bado nasoma maelekezo, Babu."

"Ni magumu?"

"Si magumu. Ni marefu."

Nilikubali. Lakini jioni hiyo nilipita mlangoni kwake, shuka lilikuwa limeteleza, nikaona kwamba nailoni za masanduku bado hazijachanwa. Maelekezo huwa ndani ya sanduku. Mtu hawezi kuyasoma kwa kunusa.

Mimi si mtu wa kuacha jambo likanipita. Nilianza kazi ya lifti nikiwa mbeba mafuta ya kulainishia nyaya. Umeme nilikuja kuusoma kwa masomo ya jioni, nikitoka kazini na mikono yangu myeusi, na cheti ninacho ukutani. Nilipostaafu nikajiandikisha kwenye kozi ya kompyuta ya wazee pale maktaba, nikaimaliza. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, alipokwenda chuoni, nilichukua miwani nikaenda kusoma masanduku. Sikufungua chochote. Nilisoma yaliyoandikwa ubavuni, kwa kidole, mstari kwa mstari.

Prosesa inakaa kwenye bodi mama mahali panapoitwa kiti, na kila aina ya prosesa ina kiti chake. Sanduku langu lilitaja kiti kimoja. Sanduku la mke wangu lilitaja kingine. Nilirudia kusoma nikidhani miwani ina vumbi. Miwani haikuwa na vumbi.

Nikaenda jikoni.

"Mama watoto, bodi yako haiingiani na prosesa yangu."

Alikuwa anakata vitunguu. Hakugeuka.

"Prosesa yako haiingiani na bodi yangu," alisema.

"Si ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile. Moja ilikwenda kununuliwa na mwenye kompyuta akiwapo. Nyingine ilikwenda kununuliwa na mzee na kofia yake."

"Ulikwenda naye dukani?"

"Nilimwambia, twende ukanioneshe unayoitaka. Akanionesha. Nikanunua. Kwani ni mtihani?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Niliona uso wa mke mwenzangu."

Ndivyo anavyomwita mjukuu wetu, mke mwenzangu, na mimi nikiwa mume wa wote wawili. Na kwa utani huo wawili hao huambiana mambo ambayo mimi huyapata yakiwa yamepoa.

"Na ukanyamaza," nilisema.

"Uliliweka mahali pa birika. Ningesema nini?"

Mtoto aliporudi mchana, bibi yake alimwita jikoni na kufunga mlango.

"Mke mwenzangu, keti. Mume wetu amesoma masanduku."

Mjukuu wangu alinitazama, akatazama sufuria, akakaa. Alikuwa na begi lake bado mgongoni.

"Sikutaka ujue hivi, Babu."

"Nimeshajua hivi. Sasa niambie yote."

Akasema. Prosesa yangu haina kiti kwenye bodi ya bibi. Kadi ya mjomba ni ndefu kuliko kasha la shangazi. Ingebidi itokeze nje kama ulimi. Pawa saplai aliyonayo ni ndogo mno. Vitu vikubwa namna ile vikianza kufanya kazi kwa pamoja, mashine itazimika katikati ya mbio. Aliyasema haya bila kulalamika, kama anayesoma taarifa ya habari.

"Nimeshamwandikia nahodha," alimalizia. "Sijatuma. Nitatuma kesho."

"Umemwandikia nini?"

"Ampe nafasi mwingine."

Mke wangu aliweka kisu chini.

"Badala ya kusema tu?" niliuliza.

"Niseme kwa nani, Babu? Nimwambie Mjomba kadi yake haiingii kwa sababu ya kasha la Shangazi? Wale wawili wakikutana harusini wanatazamana sahani. Au nimwambie Shangazi kasha lake ni fupi? Alilifungua mwenyewe, akawasha taa, akanipiga picha nimelikumbatia. Picha ile ameibandika saluni." Akashusha pumzi. "Na wewe je, ningekwambia nini? Timu nitapata nyingine. Watu wa kwetu sitapata wengine."

Bibi yake alijifanya kutafuta kifuniko cha sufuria.

Nitasema kweli, wazo langu la kwanza bado lilikuwa kuiokoa prosesa. "Na kama tungebadilisha bodi?" nilisema. "Tukachukua bodi kubwa inayolingana na yangu?"

"Ndiyo hiyo, sasa nimeingiliwa ndoa," mke wangu alisema kwa sauti ya chini.

"Ingekaa," mjukuu wangu alijibu. "Lakini itakula umeme mwingi, itachemka, na kazi ya kuipa hakuna. Tazama hivi, Babu. Prosesa inapiga hesabu: gari hili liko wapi, tairi limechoka kiasi gani, yule wa nyuma anakuja vipi. Kadi ndiyo inayochora barabara. Mmoja akiwa na mbio mno, anamaliza kazi yake halafu anasimama kumsubiri mwenzake. Nguvu yake yote inaishia kwenye kusubiri. Mimi sitaki mwenye mbio. Nataka waende pamoja."

Katika lifti kuna mzigo wa chuma unaopanda pale kibanda kinaposhuka. Abiria hawauoni. Mzigo huo ukiwa mwepesi, mota inateseka. Ukizidishwa uzito, mota inateseka vilevile. Jambo hili nimewafundisha vijana kazini, nikiwa nimesimama juu ya kibanda na tochi, nikiwafokea wanaodhani kuongeza chuma ni kuongeza usalama. Halafu nikavaa kofia nikaenda dukani kusema nipe kubwa kuliko zote.

Mke wangu alinisogezea chai. Niliinywa nusu.

"Duka lile linabadilisha vitu?" nilimuuliza mtoto.

"Kama havijafunguliwa. Mwisho kesho. Na lazima aende aliyenunua, na risiti yake."

Hapo nikaelewa kwa nini nailoni zilikuwa hazijachanwa. Alikuwa amekata tamaa ya kusema, lakini hakuwa amekata tamaa kabisa.

Nilimpigia simu mwanangu kwanza.

"Baba, kadi ile ni moto wa kuotea mbali," alisema. "Kadi haina kosa. Kasha ndilo lirudishwe. Lile ni la kufugia samaki."

Nikampigia shangazi. Nyuma yake nilisikia mashine za kukaushia nywele.

"Kasha nimeshalifungua, Baba, halirudishwi. Na hata lingekuwa linarudishwa, nilirudishe ili kadi ya shemeji ipate mahali pa kunyoosha miguu?"

Kila mmoja alikuwa tayari sana kunisikiliza nikieleza kosa la mwenzake. Nikawaambia wote wawili maneno yaleyale: "Kesho mchana mje dukani. Wewe hujaambiwa urudishe kitu. Nataka uje tu. Mimi ndiye nitakayeanza." Kisha nikamwambia mjukuu wangu asitume ule ujumbe.

Duka lile ni jembamba. Vitu vimepangwa mpaka darini, na wateja hupita kwa ubavu. Ijumaa mchana mwanangu alisimama kwenye vibao vya kubofyia herufi, akibonyeza kimoja kimoja kana kwamba anapima ukomavu wa matunda. Shangazi alikaa karibu na mlango na mkoba wake kifuani, kama mtu aliyekuja kumsindikiza mgonjwa tu. Mjukuu wangu alikuwa kati yao, akitazama sakafu.

Muuzaji alikuwa yuleyule. Aliliona sanduku langu akaanza kusikitika kabla sijasema.

"Ina hitilafu, mzee?"

"Haina."

"Ni nini basi?"

"Nataka ya kati."

Sauti ilitoka ndogo. Akainama mbele.

"Unasemaje?"

"Nataka prosesa ya kati," nilisema, na safari hii hata waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu walisikia. "Inayokaa kwenye bodi hii." Nikampa karatasi ya bodi ya mke wangu.

"Mzee, hii uliyonayo ndiyo kubwa kuliko zote tulizonazo."

"Najua. Uliipandia ngazi."

Mwanangu aliacha vibao vyake. Amenijua tangu azaliwe, na sidhani kama amewahi kuniona nikirudisha kitu kikubwa ili nipewe kidogo.

"Baba, umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na Jumamosi," nilisema. "Kesho ni kesho."

Muuzaji akaleta sanduku dogo, akaeleza kwamba hawarudishi fedha, ila thamani iliyobaki tunaweza kuichukulia kitu kingine. Mjukuu wangu akasogea hatua moja kutoka nyuma.

"Pawa saplai," alisema. "Lakini thamani hiyo peke yake haitafika kwenye ile ninayoitaka."

Hakumtazama mjomba wake, wala mimi sikumtazama.

Mwanangu alikuja mpaka kaunta akiwa amelibeba lile sanduku refu kwapani. Alikohoa.

"Mpwa wangu," alisema, "hebu niambie. Wewe mwenyewe ulitaka ipi?"

Alionesha kwa kidole, bila kusita hata kidogo, kadi fupi iliyokuwa rafu ya chini.

"Ile? Ile si hata nusu ya hii."

"Inaingia kwenye kasha, Mjomba. Na kwa kioo changu inatosha na kubaki. Hiyo yako ni ya mtu mwenye kioo cha ukubwa wa ukuta."

"Kwa hiyo nilimnunulia lori mtu anayekwenda kununua mkate."

"Lori zuri," alisema mjukuu wangu.

"Usinipake mafuta." Lakini alikuwa ameanza kucheka, na akaliweka sanduku kaunta karibu na langu. Alipokuwa anatafuta risiti akageukia mlangoni. "Leo upande wa baba umeshinda."

"Mimi sijasema kitu, shemeji," shangazi alijibu.

"Ndicho kinachoniuma."

Pawa saplai ilipatikana, nzuri na nzito, rangi nyeusi isiyong'aa. Mwanangu aliibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Njiani alimwambia jirani aliyetusalimia kwamba hicho ndicho kipande muhimu kuliko vyote, watu hawajui tu.

Tuliunganisha jioni ile ile, kwenye meza ya kulia chakula. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilishika tochi na kupitisha bisibisi. Ilipofika prosesa, alinipa mimi.

"Usiibonyeze, Babu. Iachie tu."

Mkono wangu umezoea kukaza mpaka chuma kilie. Ulitaka kusukuma. Nikaushikilia, nikakilenga kile kipande kwenye kiti chake, nikaachia. Kikashuka chenyewe bila sauti, kikatulia kama kilizaliwa pale. Sikuwahi kufunga kitu namna hiyo katika kazi yangu yote.

Kadi fupi ikaingia kasha fupi, na nafasi ikabaki ya kupitisha vidole. Alipobonyeza kitufe, feni zikaanza kuzunguka, taa zikawaka, na kioo kikaamka.

"Mama amejifungua salama," mke wangu alisema kutoka jikoni, na kwa muda wote uliobaki alijigamba kwamba kati yetu sote ni yeye tu ambaye hakurudishwa dukani.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Jumamosi mchana ndugu wote walikuja tena, wakakaa nyuma yake sebuleni na vikombe vya chai. Nahodha alikuwa ameweka mbio alasiri. Mjukuu wangu alifunga usukani ukingoni mwa meza, akaanza kuipasha mashine moto kwa mizunguko ya peke yake. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda vizuri sana. Kisha barabara ikaanza kurukaruka. Gari lilikuwa hapa, mara lilikuwa pale, na katikati hapakuwa na kitu.

Kwenye kona ya kioo kulikuwa na namba za joto. Zilikuwa zimegeuka nyekundu.

Alisimamisha gari, akaweka kiganja mbele ya kasha. "Halipumui," alisema, nadhani bila kukusudia tusikie.

Feni zilikuwa zinavuta hewa kutoka mbele, na mbele ya kasha kulikuwa na kioo. Kile kioo kizuri. Sote tuliona, na hakuna aliyemtazama shangazi. Mwanangu aligundua ghafla kwamba chai yake inahitaji kukorogwa.

"Nitapunguza ubora wa picha," mjukuu wangu alisema haraka. "Haitakuwa mbaya. Nitaona barabara kidogo tu, lakini nitaona."

Anaendesha kwa kusubiri mpaka mwisho kukanyaga breki. Mtu wa namna hiyo akipunguziwa kuona, amebaki na nini? Nilifungua mdomo. Mimi ni mkubwa wa nyumba, ningeweza kuagiza. Lakini zawadi haikuwa yangu, na aliyeitoa alikuwa amekaa pale pale, amenyooka, akilitazama kasha kama anavyotazama kichwa cha mteja kabla ya kukata.

Aliweka kikombe chini.

"Bisibisi iko wapi?"

"Shangazi, si lazima," mtoto alisema. "Kweli. Naweza kucheza hivi hivi."

"Nimeuliza bisibisi."

Nikampa. Alipiga magoti mbele ya kasha, akafungua skrubu moja baada ya nyingine kwa vidole vyepesi, na mwanangu, bila kuambiwa, akakinga kiganja chake kuzipokea. Kioo kilitoka kizima, bila mkwaruzo. Alikifuta alama za vidole, akakifunga kwa mtandio wake, akakilaza juu ya kabati.

"Taa bado zinaonekana ubavuni, shemeji," mwanangu alisema.

"Nyamaza. Ukipoteza skrubu moja utanitambua."

Feni zikasikika tofauti, kama mtu aliyetoa kichwa ndani ya blanketi. Namba za joto zilisita, kisha zikaanza kushuka. Mjukuu wangu alizitazama mpaka zikaacha wekundu, ndipo akamgeukia shangazi yake. Hakusema asante. Alimshika bega tu, akavaa vipokea sauti masikioni, akaingia kwenye mbio.

Mimi sijui mengi kuhusu mashindano hayo. Najua kwamba mgeni huanzia nyuma, na yeye alianzia nyuma. Mwanangu aliendesha naye akiwa kwenye kiti chake, akiinama kila kona. Mke wangu alikataa kutazama, akakaa mgongo kwa kioo, akiuliza kila mara, "Yuko wapi sasa?" Mjukuu wangu aliwapita wawili kwenye kona moja kwa kuchelewa kiasi kwamba hata mimi nilikanyaga sakafu. Baadaye, kwenye kona nyingine, mmoja akamgonga kwa nyuma, gari likazunguka likatazama lilikotoka. Akaligeuza, akaanza kuwafukuza upya. Macho yangu yalikuwa kwenye picha yenyewe, nikisubiri irukeruke. Haikuruka. Barabara ilimiminika chini ya gari kama maji kwenye mfereji, mpaka mwisho.

Hakushinda. Alimaliza katikati ya kundi. Alibaki ameshika usukani, akimsikiliza mtu ambaye sisi hatukumsikia.

"Ndiyo, nahodha," alisema. Kimya. "Ndiyo, ni yangu." Kimya tena, kirefu zaidi. "Hapana, haikukwama. Ile kona niliyozunguka, nilikosea mwenyewe." Halafu akacheka, akashusha sauti. "Sawa. Jumanne. Nitakuwapo."

Akavua vipokea sauti vikamning'inia shingoni.

"Wamesema nini?" aliuliza shangazi.

"Wanataka vipimo vya shati."

Mke wangu aligeuka hatimaye kutazama kioo, wakati hakukuwa na kitu cha kutazama. Mwanangu alisimama, akakaa, akasimama tena. Akaanza kueleza jinsi yeye alivyoiona ile kona tangu mapema, na katika kueleza akaweka kikombe chake cha chai juu ya kasha.

"Mjomba," mjukuu wangu alisema. "Kikombe. Kitoe hapo, tafadhali."

Akakitoa.

"Na wewe, Babu, umekaa karibu mno. Unanizibia hewa ya mbele. Nataka kuirudia ile kona."

Nikasogeza kiti.